Mvumo wa Perseus: eksirei zinavyotuonyesha kazi ya shimo jeusi

Agosti 2022 sauti moja ilizunguka sana kwenye simu za watu. Ni mvumo mzito unaopanda na kushuka taratibu, kama upepo unaopuliza kwenye mdomo wa mtungi mtupu, ila ndani yake mna kitu kama kilio. Maelezo yalisema ni sauti ya shimo jeusi, na kwamba imetolewa na NASA. Walioisikiliza wakagawanyika. Kuna walioshtuka wakaanza kutaja Kiyama, na kuna waliokataa katakata: angani hakuna hewa, sasa sauti itapita wapi?

Waliokataa walikuwa na hoja. Sehemu kubwa ya anga ni tupu, na penye utupu sauti haisafiri. Lakini sauti ni nini hasa? Ni mbano unaopokezana. Chembe zinasukumana, zinaachiana, zinasukumana tena, na msukumo unasonga mbele. Kinachohitajika ni kitu chochote cha kubanwa. Na katika kundi la galaksi liitwalo Perseus, umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 240 kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kitu hicho kipo: bahari ya gesi ya moto iliyoenea kwa mamilioni ya miaka ya nuru. Katikati ya bahari hiyo imekaa galaksi kubwa, NGC 1275, na ndani ya galaksi hiyo kuna shimo jeusi, kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata nuru haichomoki humo, nalo linakula.

Sauti ile haikurekodiwa kwa kipaza sauti. Wataalamu walichukua picha ya eksirei ya gesi hiyo, wakayasoma mawimbi yaliyochorwa ndani yake, kisha wakayapandisha oktava 57 na 58, kila oktava ikizidisha kasi ya mtikisiko mara mbili, ili sikio la binadamu liyapate. Tulichosikia kilikuwa tafsiri ya picha, na picha yenyewe ni ya kweli. Ningependa tuifuate ilikotoka, kwa sababu njia yake inaanzia karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani.

Ngomeni, Desemba 1970

Kaskazini mwa Malindi kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Ngomeni. Mbele yake, baharini, Waitaliano walisimika jukwaa la chuma lenye miguu iliyozama chini ya maji, wakaliita San Marco. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa hilo ikiwa imebeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani peke yake. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi huo, aliipa jina kwa heshima ya siku yenyewe na ya wenyeji: Uhuru.

Walikuja Ngomeni kwa sababu ya ikweta. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta inapata msukumo wa bure kutokana na dunia kujizungusha. Zaidi ya hapo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa eneo la juu ya Atlantiki ya kusini ambako chembe zenye nishati kubwa hushuka karibu na dunia na kuvichanganya vifaa.

Na ilibidi kwenda juu kwa sababu eksirei za angani hazifiki ardhini. Eksirei tuliyoizoea hospitali hutolewa na mashine, hupita kwenye nyama ya mwili, ikazuiwa na mfupa. Hewa iliyo juu ya vichwa vyetu, ukiijumlisha yote hadi ukingo wa anga, ni ukuta mnene kuliko mfupa wowote. Hiyo ni salama yetu, lakini pia ni pazia. Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wamelichungulia pazia hilo Juni 1962 kwa roketi iliyopaa kwa dakika chache na kugundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa Jua. Uhuru ilikuwa kazi ya kikosi hicho hicho, safari hii kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, na mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel.

Uhuru haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyojaa gesi, kimoja kikitazama huku na kingine kule, nayo ikijizungusha polepole ikifagia anga. Kila eksirei iliyoingia ilihesabiwa. Picha hakuna, ni hesabu tu: hapa nyingi, pale chache. Kwa hesabu hizo ilipatikana orodha ya vyanzo 339, na hadi leo vingi vinaitwa kwa majina yanayoanza na 4U. Hiyo U ni ya Uhuru. Mwanafunzi wa Tokyo au Cambridge anayeandika jina la nyota hizo analiandika neno letu la Kiswahili kwa herufi yake ya kwanza, pengine bila kujua.

Kwa Perseus, Uhuru ilionyesha jambo lililoanzisha hadithi yote hii. Eksirei zilizotoka huko hazikutoka kwenye nukta moja. Zilitoka kwenye eneo pana, pana kuliko galaksi yoyote. Kulikuwa na kitu kinang'aa katikati ya galaksi na galaksi.

Gesi ya moto, lakini ipi?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na makala nyingi hazisaidii, kwa sababu maneno "gesi ya moto kuzunguka shimo jeusi" hutumika kwa vitu vilivyo mbali mno kimoja na kingine.

Shimo jeusi lenyewe halitoi nuru. Kinachong'aa ni kilicho nje yake. Gesi inayovutwa haidondoki moja kwa moja. Inazunguka kwanza, kama maji yanayokaribia tundu la sinki, ikajipanga kuwa sahani. Tabaka za sahani hiyo husuguana, zikapata joto, zikang'aa. Juu yake, karibu kabisa na shimo, kuna wingu la elektroni lenye joto linalofikia nyuzi bilioni moja, ambalo wanaanga huliita korona kama ile ya Jua. Hilo ndilo chanzo kikuu cha eksirei katika galaksi nyingi zenye kiini kinachochemka. Hakuna darubini ya eksirei inayoweza kuliona umbo lake, kwa kuwa ni dogo mno kwa umbali huo. Tunalijua kwa kupepesa kwake: mwanga ukibadilika ndani ya saa chache, kitu kinachong'aa hakiwezi kuwa kipana kuliko umbali ambao nuru husafiri kwa saa hizo chache.

Nje zaidi kuna vumbi na gesi baridi iliyotanda kama mkanda. Galaksi za namna hii zilielezwa na Carl Seyfert mwaka 1943, na NGC 1275 ilikuwa miongoni mwa zile chache alizozichambua.

Kisha, mbali kabisa, kuna gesi ya tatu, ile bahari ya kundi zima. Hii haikupashwa joto na shimo jeusi hapo mwanzo. Ilipashwa na uvutano. Kundi la Perseus lina maelfu ya galaksi, na uzito wake wote huvuta gesi kutoka pande zote. Gesi inayoporomoka humo hugongana na iliyotangulia, mwendo wake ukageuka joto. Katikati ina nyuzi milioni 30 hivi, kwa nje inafika hata mara mbili ya hapo. Uzito wake ni mara kadhaa ya uzito wa nyota zote za galaksi hizo zikiwekwa pamoja. Yaani tukitazama kundi la galaksi kwa macho ya kawaida, tunaona kachumbari bila kuona pilau.

Usidhani lakini kwamba ungeungua humo kama kwenye tanuri. Katikati ya Perseus, ambako gesi ni nene kuliko kwingine, mna chembe chache sana. Chukua lita moja ya gesi hiyo na utahesabu makumi ya chembe, si zaidi. Umewahi kukaa karibu na fundi anayekata chuma kwa grenda? Cheche zinazokurukia mkononi zina joto la kuyeyusha mengi, na bado hazikuunguzi, maana kila moja ni ndogo mno. Joto ni kasi ya chembe. Kuungua kunahitaji pia wingi wake.

Chuma ndicho kilichotoa ushahidi

Baada ya Uhuru, ubishi ulibaki. Eneo pana linatoa eksirei, sawa, lakini je, ni gesi kweli? Huenda zilikuwa elektroni zenye kasi kubwa zinazougonga mwanga hafifu na kuupandisha nishati mpaka ukawa eksirei. Njia zote mbili zinaweza kutoa mwanga unaofanana.

Tarehe 15 Oktoba 1974 jukwaa lile lile la Ngomeni lilirusha setilaiti ya Uingereza, Ariel V. Mwaka 1976 waliochambua takwimu zake wakatangaza kwamba ndani ya eksirei za Perseus, karibu na nishati ya kiloelektroni-volti 7, kuna mstari. Yaani mwanga umerundikana mahali pamoja badala ya kutawanyika.

Mstari huo ni wa chuma. Atomu ya chuma ina elektroni 26. Kwenye gesi ya mamilioni ya nyuzi, migongano ni mikali kiasi kwamba chuma huvuliwa elektroni zake karibu zote, zikabaki mbili. Moja ikirushwa juu kidogo kisha ikarudi mahali pake, hutoa eksirei ya kiloelektroni-volti 6.7, nishati hiyo na si nyingine. Ni alama ya kidole. Elektroni za kasi zinazougonga mwanga haziwezi kuacha alama ya chuma. Gesi ya moto inaweza, na lazima iiache.

Chuma hicho kinatuambia jambo jingine ambalo mimi binafsi hunigusa kila nikilifikiria. Ulimwengu ulipoanza haukuwa na chuma. Chuma hupikwa ndani ya nyota na kumwagwa zinapolipuka. Kwa hiyo ile bahari iliyo kati ya galaksi, ambayo ungedhani haijawahi kuguswa na kitu, imekwisha kupokea majivu ya nyota zisizo na idadi.

Sufuria isiyopoa

Kilichojulikana ni chuma na gesi, na papo hapo likazuka fumbo. Kitu kinachong'aa kinapoteza nishati. Gesi ya Perseus inatoa eksirei usiku na mchana, kwa hiyo inapaswa kupoa, kama sufuria ya maharage iliyoshushwa jikoni. Gesi nene hupoa haraka kuliko nyembamba, maana eksirei nyingi hutoka pale elektroni inapopita karibu na kiini cha atomu, na ukiongeza wingi wa chembe mara mbili, mapishano hayo yanakuwa mara nne. Katikati, ambako gesi ni nene, ilipaswa kuwa imepoa kwa muda usiofika miaka bilioni moja. Ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Muda ulikuwepo wa kutosha na kubaki.

Ikipoa, nguvu yake ya kujitunisha inapungua, tabaka za nje zinaiminya, gesi nyingine inashuka, nayo inapoa kwa zamu yake. Hesabu za miaka ya 1980 na 1990 zilitabiri mto wa gesi baridi ukimiminika kwenye galaksi ya katikati, gesi ya uzito wa mamia ya Majua kila mwaka. Gesi baridi huzaa nyota. NGC 1275 ilipaswa kuwaka nyota changa kila pembe, na haiko hivyo. Nyota changa zipo, ila ni chache mno kwa mto mkubwa kiasi hicho.

Mwaka 2001 setilaiti ya Ulaya, XMM-Newton, iliyachunguza makundi kadhaa ya galaksi kwa kuchambua mistari ya mwanga. Gesi ilionekana ikipoa hadi kufikia kama theluthi moja ya joto lake la nje, kisha basi. Mistari ya gesi baridi zaidi, ambayo ilitakiwa iwepo kwa wingi, ilikuwa hafifu au haipo. Sufuria imeshushwa jikoni miaka bilioni kadhaa iliyopita na bado inafuka. Kuna anayechochea moto.

Dumu chini ya maji

Dalili ya kwanza ilionekana mwaka 1993. Darubini ya Kijerumani, ROSAT, ilipiga picha ya katikati ya Perseus na kukuta mashimo mawili kwenye mwanga wa eksirei, moja kila upande wa kiini cha galaksi. Darubini za redio zilipoelekezwa pale pale zilikuta mashimo hayo yamejaa. Yamejaa chembe zenye kasi inayokaribia ya nuru na usumaku, vitu ambavyo shimo jeusi huvitapika kupitia mikondo miwili myembamba inayofyatuka kutoka karibu na sahani yake. Shimo jeusi haliwezi kutoa kitu kilichokwisha kuingia. Lakini linapokula, sehemu ya kinachokaribia hurushwa nje kabla hakijavuka mpaka.

Julai 1999 chombo cha Columbia kilipeleka angani darubini ya Chandra, na picha zikawa kali kuliko zote zilizotangulia. Kioo cha kawaida hakifai kwa eksirei, kwa kuwa eksirei ikikigonga uso kwa uso inazama ndani. Lakini umewahi kurusha kijiwe bapa kikaruka-ruka juu ya maji? Kikija kwa mwinamo mdogo sana, maji yanakirudisha. Vioo vya Chandra ni mapipa yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, yamepakwa madini ya iridiamu, na eksirei hupita zikiparaza kuta zake hadi kukutana umbali wa mita 10 nyuma yake.

Kwa Chandra mashimo yale yalionekana wazi kuwa ni mapovu, na nje yake kuna mengine ya zamani zaidi yanayopanda. Na hapa kuna hesabu ninayoipenda kwa urahisi wake. Chukua dumu tupu la lita 20, lifunge kifuniko, ujaribu kulizamisha baharini. Lazima ulikalie. Maji yanalikataa, kwa sababu unapolizamisha unayasukuma maji ya lita 20 yaondoke mahali pake, na kadiri unavyokwenda chini ndivyo maji yanavyosukuma zaidi. Ukijua ukubwa wa dumu na msukumo wa maji, unajua kazi iliyofanyika. Povu la Perseus ni dumu hilo. Ukubwa wake tunauona kwenye picha. Msukumo wa gesi inayolizunguka tunaupata kwa joto lake na wingi wa chembe zake, vyote viwili vinasomeka kwenye eksirei. Ukizidisha viwili hivyo unapata nishati ambayo shimo jeusi limeitumia kupuliza povu. Hesabu hiyo ilipofanywa kwa Perseus, na baadaye kwa makundi mengine mengi, ilitoka karibu sawa na nishati ambayo gesi inapoteza kwa kung'aa.

Mchochea moto akawa amepatikana. Tusiharakishe, maana udogo wake unastaajabisha. Shimo jeusi la NGC 1275 lina uzito wa mamia ya mamilioni ya Majua, lakini lote lingeenea ndani ya mfumo wetu wa sayari. Likiwa punje ya mchanga ya milimita moja, eneo la gesi linalopashwa lingekuwa na upana wa kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi.

Basi punje hiyo inafikishaje joto Nairobi? Mapovu peke yake hayatoshi, kwa kuwa yanapanda pande mbili tu huku gesi ikiwa kila upande. Septemba 2003 Andrew Fabian wa Cambridge na wenzake walionyesha picha ya Chandra iliyokusanywa kwa saa 53. Walipoondoa mng'ao laini wa jumla, yakabaki mawimbi, duara nje ya duara, kama ukitupa jiwe kwenye bwawa. Mahali gesi imebanwa eksirei ni nyingi, mahali imeachia ni chache. Kutoka mgongo wa wimbi moja hadi wa pili ni takribani miaka ya nuru 36,000. Mbano unaosafiri ndani ya gesi ndio sauti, na kwenye gesi ya joto hilo sauti huenda kilomita 1,170 kila sekunde. Gawanya, utapata kwamba wimbi moja hufuata jingine baada ya karibu miaka milioni 10. Kwa lugha ya wanamuziki ni noti ya si bemoli, oktava 57 chini ya do ya katikati ya kinanda. Tangu binadamu wa aina yetu aonekane duniani, miaka kama 300,000 iliyopita, noti hiyo imemaliza sehemu moja tu ya thelathini ya mtikisiko mmoja.

Ndiyo ile iliyokuwa kwenye simu zetu.

Picha nzima sasa ina mzunguko. Gesi kidogo hupoa licha ya yote. NGC 1275 imezungukwa na nyuzinyuzi za gesi baridi, nyembamba na ndefu, nyingine zikifika miaka ya nuru 20,000. Baadhi ya gesi hiyo hushuka kama mvua hadi kwenye kiini. Shimo jeusi likila, linapuliza. Likipuliza, gesi inapata joto na mvua inapungua. Mvua ikipungua, shimo linalala njaa na kutulia, gesi inaanza kupoa tena.

Mboni ya jicho iliyofumba mapema

Kuona mawimbi ni jambo moja, kupima mwendo ni jingine. Februari 2016 Japani ilirusha setilaiti iliyopewa jina Hitomi, neno la Kijapani lenye maana ya mboni ya jicho. Ndani yake kulikuwa na kihisi cha vipande vidogo 36 kilichopoozwa hadi sehemu ya ishirini ya nyuzi moja juu ya sifuri halisi, ule ukomo wa baridi ambao hakuna tena chini yake. Katika baridi hiyo, eksirei moja ikigonga kipande, kipande kinapata joto kidogo, na joto hilo linapimwa. Kila eksirei inapimwa peke yake kama mtu anayepanda mizani.

Hitomi ilielekezwa Perseus, kwenye mstari ule ule wa chuma. Kama gesi ingekuwa imetulia, mstari ungekuwa mwembamba. Gesi inayotujia hupandisha nishati ya mstari, inayotukimbia huishusha, kama honi ya basi inavyobadilika likikupita barabarani. Mchanganyiko wa mienendo hiyo huunenepesha mstari, na unene wake ni kipimo cha vurugu. Jibu lilikuwa kilomita 164 kwa sekunde. Kwetu ni kasi ya kutisha. Kwa gesi ambayo sauti yake hukimbia zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, ni utulivu. Msukumo unaotokana na vurugu hiyo ulikuwa kama asilimia 4 tu ya ule unaotokana na joto.

Matokeo hayo yalifungua mjadala ambao haujafungwa. Wengi walitarajia kwamba mapovu yanaikoroga gesi kama mwiko, na mkorogo huo ndio unaogeuka joto. Kwa kasi ndogo hivyo, mkorogo unaweza kupasha gesi ya karibu, lakini hauwezi kuibeba nishati hadi mbali kabla haujazimika. Sauti inaweza, kwa kuwa inasafiri haraka bila kuivuruga sana gesi, na hiyo ndiyo hoja ambayo Fabian na wenzake wameisimamia. Upande wa pili unauliza ni kiasi gani cha sauti hiyo hunyonywa njiani na kugeuka joto, na hilo hutegemea mnato wa gesi yenye sumaku ndani yake, jambo gumu kupima. Kwangu mimi hoja ya sauti ina uzito, ila yeyote anayesema jambo limekwisha anakwenda mbele ya ushahidi.

Hitomi ingeweza kusaidia kulimaliza. Tarehe 26 Machi 2016, wiki tano tu baada ya kurushwa, mfumo wake wa kujiongoza uliamini kwamba setilaiti inajizungusha ilhali ilikuwa imetulia. Ukajaribu kurekebisha kosa lisilokuwepo, setilaiti ikazunguka kweli, kasi ikaongezeka, na paneli zake za jua zikang'oka. Vipimo vya Perseus vilikuwa vimekwisha kuletwa duniani. Matokeo yakachapishwa Julai mwaka huo, setilaiti yenyewe ikiwa vipande.

Mrithi wake, XRISM, aliruka kutoka Tanegashima Septemba 2023 akiwa na kihisi cha aina ile ile. Kifuniko chembamba cha beriliamu kilichokusudiwa kufunguka mbele ya kihisi hicho kiligoma, kwa hiyo eksirei zenye nishati ya chini haziingii. Zile za chuma zina nguvu ya kupenya, na Perseus inaendelea kupimwa kupitia mlango uliofungwa, safari hii mahali pengi zaidi kuanzia katikati kwenda nje, ili mtikiso unaotoka kwa shimo jeusi utenganishwe na ule unaotokana na makundi madogo ya galaksi yanayoligonga kundi kubwa.

Na mikondo yenyewe?

Limebaki swali la karibu kabisa na shimo: eksirei zinazotoka kwenye ile mikondo myembamba zinatengenezwaje? Kati ya Januari na Machi 2025, setilaiti ya NASA na Shirika la Anga la Italia, IXPE, iliikodolea macho NGC 1275 kwa zaidi ya saa 600. IXPE hupima kitu ambacho Chandra haipimi, yaani kama mawimbi ya eksirei yanatikisika kuelekea upande mmoja au ovyo ovyo. Eksirei za bahari ya gesi hutikisika ovyo, za mkondo zina mpangilio kiasi. Tatizo ni kwamba kwenye IXPE zote mbili huja zimechanganyika, kwa hiyo Chandra na setilaiti nyingine mbili za eksirei, NuSTAR na Swift, ziliitwa kusaidia kuchambua ipi ni ipi. Mpangilio uliopatikana ni wa asilimia 4 hivi, unaolingana na ule wa mwanga wa kawaida na wa redio kutoka mkondo huo huo. Hiyo ni dalili kwamba elektroni za mkondo zinaugonga mwanga wa nishati ndogo, mwingi wake uliozalishwa na mkondo wenyewe, na kuupandisha hadi ukawa eksirei. Ile njia iliyokataliwa mwaka 1976 kwa bahari nzima ya gesi imekubalika hapa, kwenye kiini.

IXPE huzunguka karibu juu kabisa ya ikweta, kilomita 600 hivi kutoka ardhini. Jukwaa la San Marco halijarusha roketi tangu Machi 1988, lakini kituo cha Waitaliano kwenye pwani ile kingali na mabakuli yake makubwa ya kupokea mawasiliano yaliyoelekezwa juu, na ndicho kituo kikuu cha IXPE. NuSTAR na Swift pia hutumia kituo hicho. Katika ile miezi mitatu ya mwanzo wa 2025, setilaiti ikitokea juu ya upeo wa magharibi, bakuli lilikuwa linaigeukia, linaifuata kwa dakika chache mpaka ipotelee juu ya Bahari ya Hindi, na hesabu za eksirei za Perseus zinateremka Malindi.